Ukurasa wa Mwisho wa Batuli

Fundi rangi alipofungua kopo la tapentaini ya kuchanganyia rangi kwenye chumba tulichokuwa tunamwandalia mama, hapa kwangu Kimara, nilisimama mlangoni nikavuta pumzi kwa nguvu mpaka fundi akaniuliza kama nina mafua. Wapo watu wanaokumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi, wengine kwa harufu ya mvua ya kwanza. Utoto wangu mimi unanuka tapentaini. Ndani ya harufu hiyo yumo msichana anayeitwa Batuli, na kimo kitabu cha katuni ambacho nilikipenda kuliko chakula, jambo ambalo mama yangu yuko tayari kuliapia.

Tulikuwa tunakaa Chang'ombe, vyumba vya uani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Baba, aliyetoka Rungwe na lafudhi yake nzima, alikuwa karani kiwandani. Mama alifundisha shule ya msingi. Juu ya duka, ghorofani, waliishi wenye nyumba na duka, familia ya Kihindi ya Washia, na Batuli alikuwa kitinda mimba wao, rika langu. Mtaa wetu ulikuwa wa gereji na karakana. Tangu asubuhi watu waligonga mabati, walichomelea mageti, walinyoosha magari yaliyobonyea. Naisema habari hii ya mafundi mapema kwa sababu ina kesi ya kujibu huko mbele.

Kitabu kililetwa na binamu yake Batuli aliyekuja likizo kutoka ughaibuni. Kilikuwa kinene kama kamusi, hadithi nzima imechorwa kwa picha, na maneno ya Kiingereza yamefungiwa kwenye viputo midomoni mwa watu. Mama yake Batuli alikifanyia mambo mawili. Kwanza alikijalidi kwa kalenda kuukuu ya duka, weupe ukiwa nje, kama sote tulivyojalidi madaftari ya shule, hivyo mbele na nyuma pakawa sawasawa. Halafu akakipitia ukurasa kwa ukurasa, na kila mahali palipomtia shaka akabandika kibandiko cha bei cha dukani. Ndiyo maana hadi leo, nikiona watu wanabusiana kwenye filamu, akili yangu huwatafutia kibandiko.

Sikuruhusiwa kupanda ghorofani, wala Batuli hakuruhusiwa kuzurura uani na watoto wa kiume. Hakuna aliyetutungia sheria hiyo, ilikuwepo tu. Basi Batuli alikuwa anakiweka kitabu ndani ya kopo tupu la rangi, analifunga kamba ya katani, ananishushia kutoka roshani. Makopo yale yalisafishwa kwa tapentaini. Kitabu kiliponifikia kilikuwa kinanuka kama ukuta mpya, nami nilikipokea kwa mikono miwili na kwenda nacho nyuma ya tangi la maji, mahali pekee pale uani ambapo mtu angeweza kuwa peke yake.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mkono. Mkono mkubwa, kiganja mbele, kama wa trafiki anayesimamisha magari, na pembeni yake mishale na maandishi mazito. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuhesabu na kutaja rangi, lakini mkono ule niliuelewa mara moja. Alikuwa mlinzi wa mlango. Kila gemu lina mlinzi. Kwa hiyo kila nilipokifungua kitabu niliweka kiganja changu juu ya kile, kuomba ruhusa, ndipo nikaingia. Batuli alisoma shule ya Kiingereza, na nilikuwa radhi nimeze misumari ya baba yake kuliko kumwambia kwamba mimi nasoma picha tu.

Hadithi yenyewe, kama nilivyoisoma, ilikuwa ya kijana mwenye nywele zilizosimama kama mswaki, sisi tukamwita Braza, na msichana mwenye mwavuli, ambaye tukamwita Mwavuli. Mwavuli wake haukuwa wa mvua tu. Ukifunguliwa ni ngao, ukifungwa ni upanga. Pembeni ya kila ukurasa palikuwa na safu ya makopa, zile alama za moyo, kuonyesha roho alizobakiza Braza, kama kwenye gemu kabisa. Picha ya kwanza baada ya mlinzi, wawili hao wameketi kwenye ngazi bega kwa bega. Jua linawaka lakini mwavuli umefunguliwa juu yao, makopa yote yamejaa, na chini kuna neno ambalo mtoto yeyote aliyewahi kusimama kwenye banda la gemu alilijua: kontinyuu? yaani, uendelee? Mshale uko kwenye yesi. Nikasema, haya, gemu limeanza.

Na Braza alikuwa na uwezo ambao sijauona kwa shujaa mwingine yeyote. Alikuwa fundi. Ukuta umelala chini vipande vipande. Braza anaruka, anapiga teke, vipande vinapanda hewani, na ukuta unasimama mzima. Jitu kubwa lililoundwa kwa simu ya mezani, waya wake mrefu kama nyoka, limevunjikavunjika sakafuni. Braza analipiga ngumi, linajikusanya, linaamka, linamzidi kimo. Mtoto wa mtaa mwingine labda angeshangaa. Mimi nilikulia Chang'ombe, nimeona magari yaliyokunjika yakirudi barabarani yanang'aa kwa sababu tu ya mtu mwenye nyundo. Shujaa wa kutengeneza vitu kwa mateke niliona ni jambo la kawaida. Kilichonisumbua ni kwamba kila alipomaliza kulitengeneza jitu aliliogopa yeye mwenyewe, akakimbia, na kopa moja likawa tupu.

Hivyo ndivyo hadithi ilivyokwenda, inapungua. Alianza na roho zote akazipoteza moja moja. Mwavuli alimshika mkono, kisha akauachia. Alimtazama machoni, kisha akatazama chini. Mwishoni hakumjua kabisa. Ukurasa wa mwisho mvua inanyesha. Mwavuli anapita zake ametupa mgongo, mwavuli umefunguka. Braza amesimama kituoni, ameupa uso ukuta, hageuki, na makopa yote ni matupu. Hakuna neno hata moja. Nilikaa nyuma ya tangi nikalia kimyakimya, kisha siku iliyofuata nikaanza upya.

Unaweza kuuliza mtoto anakipendea nini kitabu cha namna hiyo. Kwenye banda la gemu wakubwa walishika pedi, sisi wadogo tukashika ukuta. Na gemu zenyewe zilikuwa za kupiga na kukimbia tu; hakuna mtu humo aliyewahi kuona haya. Kitabu hiki kiliichora haya yenyewe. Kulikuwa na vijistari vidogo mashavuni, tone moja la jasho kisogoni, na pointi zikielea hewani kila Mwavuli alipocheka. Mtu alikuwa amelichukua lile jambo lililonibana tumbo kila kopo lilipoanza kushuka kutoka roshani, akalipa ngumi, mateke na levo. Halafu yale makopa. Ndani ya kitabu uliona wazi, pembeni ya ukurasa, mtu amebakiwa na moyo kiasi gani. Nje ya kitabu ilibidi ubahatishe.

Nikaanza kuwachorea watu makopa juu ya vichwa vyao, kwa mawazo. Baba alirudi kutoka kiwandani jioni na kopa moja linalopepesa. Mama akimpelekea maji bafuni na kumtania kidogo kwa Kinyakyusa, niliona la pili linarudi polepole. Batuli akichungulia roshani, yangu yalijaa yote kwa mpigo, hata nikajificha nyuma ya kanga zilizoanikwa, nikiogopa kwamba anayaona.

"Gwama!" aliniita siku moja, kidevu kwenye reli ya roshani. Jina langu ni Gwamaka, lakini Batuli hakuwa na subira nalo. "Umefika wapi?"

"Kwenye jitu la simu."

"Mie hapo nilicheka! Kalichapa vizuri, eti?"

Kwa nilivyoona mimi, jitu ndilo lililoamka na Braza ndiye aliyetimua mbio. Lakini Batuli alisoma maneno, na bila shaka maneno yalijua zaidi.

"Kalichapa," nikasema. "Ila mie nilimwonea huruma."

"Huruma ya nini na kashinda?"

"Kashinda ndiyo, ila kachoka."

Alinitazama kutoka juu kwa heshima ambayo sikuwa nimewahi kuipata kwake. "Wewe unasomaga kwa kina, Gwama."

Baada ya sifa kama ile, nani angerudi nyuma kuuliza? Nikawa mtu wa kusoma kwa kina. Aliponiambia kwamba ukurasa wa mwisho ulimliza, nikasema hata mimi, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Mzuri, eh?" akasema.

"Mzuri sana," nikasema, ingawa moyoni nilishangaa mtu mwenye akili timamu anauonaje mzuri.

Nikajitafutia maelezo. Kila Muharamu familia ya Batuli walivaa nyeusi, wakaenda kuwalilia mashahidi wao, wakarudi macho mekundu na nyuso zimetulia. Niliwahi kumwuliza mama kama kuna mtu amewafia, akaniambia ni watu waliokufa zamani sana, wanawapenda bado. Basi nikahitimisha kwamba kwa kina Batuli kulia ni namna ya kupenda, na kisa kizuri ni kile kinacholiza sawasawa. Nilimheshimu kwa hilo. Jioni nilimwona akirudi madrasa na juzuu yake, anaketi roshani kuirudia, anaifungua kwa upande ambao mimi ningeuita nyuma. Nalo sikulifikiria. Niliona ni mambo ya dini yao, na mambo ya dini ya watu nilifundishwa kutoyauliza.

Kisha mchana mmoja kopo halikushuka. Alishuka Batuli mwenyewe, kwa ngazi za nyuma, akanikuta kwenye tangi. Sikuwahi kumwona karibu hivyo bila kaunta au roshani kati yetu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

"Tunahama," akasema. "Baba kauza duka. Tunaenda kwa baba mdogo, Kanada."

"Lini?"

"Kesho."

"Mtarudi?"

"Baba anasema likizo." Alisokota ncha ya mtandio wake. "Baba anasemaga vitu vingi."

Mabati yaligongwa mtaani, yakanyamaza, yakagongwa tena. Nikasema kile kilichokuwepo.

"Utanisahau."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake limeandikwa ubaoni. "Si umesoma kitabu? Ukurasa wa mwisho?"

"Nimesoma."

"Basi kesho tufanye vilevile. Mie nitakuwa kama Mwavuli, na wewe uwe kama Braza. Usiharibu."

"Vilevile kabisa?"

"Kabisa. Uniahidi."

"Naahidi," nikasema.

Akanipa kitabu, kiwe changu moja kwa moja, akatabasamu, akapanda ngazi mbili mbili. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza. Kwa hiyo ndivyo alivyotaka: apite amenipa mgongo, nami niupe uso ukuta, bila neno, kama watu wasiojuana. Nilidhani nimeelewa. Labda kwao kuachana hivyo ndiyo heshima kubwa, kilio kisafi kisicho na maneno. Kiliniuma, lakini alikuwa ameniomba, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Kesho yake jua lilikuwa la kupasua kichwa. Gari la mizigo liliegeshwa mbele ya duka tangu asubuhi. Mama alitoka barabarani akarudi uani akiwa anajifuta jasho.

"Gwamaka, mwenzio kakaa kwenye ngazi za duka, kafungua mwavuli, na hakuna hata wingu. Nenda kamuage."

Mwavuli umefunguliwa. Basi ameanza, nikawaza, anatimiza sehemu yake.

"Tulishaagana, mama."

"Mlishaagana lini? Mtoto wa watu anatazama uani kila dakika. Nenda."

"Niliahidi," nikasema. Nilikwenda nyuma ya tangi, nikaupa uso ukuta, nikasimama wima kama Braza kituoni. Chokaa ya ukuta ilikuwa ya moto karibu na pua yangu. Nilisikia milango ya gari, nikasikia sauti ya baba yake ikiita Batuli, Batuli, mara nyingi, kisha injini. Sikugeuka. Kugeuka nilikutaka kuliko kitu chochote duniani, na sikugeuka. Mama alikuja akanikuta hivyo. Alidhani nimenuna. Aliniwekea mkono kichwani, akaniacha.

Kitabu nilikitia kwenye sanduku la bati la mama, chini ya vitenge, na sikukifungua tena. Nilijifunza Kiingereza, nikasoma vitabu vingine vingi, nikaoa, nikajenga. Nikisikia watu wanazungumzia mapenzi ya kwanza nilikuwa nacheka tu na kusema yangu yaliisha kwa nidhamu.

Sasa mama amehamia kwangu, na sanduku limekuja naye. Siku ile ya rangi alikuwa sebuleni anatoa vitenge vyake kimoja kimoja, binti yangu Tunu akimsaidia, na kitabu kikatoka, bado kimevaa kalenda yake. Nilikinusa. Ama kilikuwa bado kinanuka tapentaini, ama ni ile ya fundi chumbani, sitaki kujua. Nikamketisha Tunu kando yangu nimwonyeshe baba yake alikuwa anapenda nini. Nikafungua kama nilivyofungua siku zote, nikaweka kiganja changu juu ya mkono wa mlinzi. Sasa kinaufunika wote.

"Baba, toa mkono nisome," Tunu akasema. Akasoma kwa Kiingereza, kisha akanitafsiria, kana kwamba mimi ndiye mtoto wa darasa la tatu. "Simama! Huu ni mwisho wa kitabu. Kitabu hiki kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tafadhali kigeuze uanzie upande wa pili." Akanitazama. "Wewe ulikuwa unaanzia wapi?"

Nilikuwa nimekishika tu. Vitabu vya huko kilikochorwa kitabu hiki hufunguliwa kutoka kulia, kama juzuu ya Batuli, na Batuli, aliyefungua juzuu kila jioni ya maisha yake, hakuona ajabu yoyote ya kunieleza. Aligeuza kurasa jinsi mikono yake ilivyozoea, nami nikageuza jinsi yangu ilivyozoea, na mlinzi niliyemwomba ruhusa kila siku alikuwa ananiambia kwa herufi nene kwamba napotea.

Tukakigeuza. Tunu alisoma kwa sauti, mimi nikamsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za ndugu yake. Kulikuwa na mvua, na Braza amesimama kituoni uso ukutani, hana hata kopa moja, na msichana asiyemjua akapita na mwavuli. Ndipo ilipoanza. Braza akaliona jitu la simu, akaliogopa, akalikimbia, akarudi, akalichapa mpaka likavunjika vipande, kisha akanyanyua simu akampigia Mwavuli. Batuli alikuwa na haki ya kucheka. Kuta zilibomoka zilivyopaswa kubomoka. Kopa moja likajaa, likaja la pili. Vibandiko vya bei bado vimeshika, nikamwambia Tunu aviruke. Na mwisho kabisa, kabla ya mkono wa mlinzi, jua linawaka, ngazi, Mwavuli ameketi amefungua mwavuli wake, na Braza amekuja akaketi kando yake. Kontinyuu? Mshale uko kwenye yesi.

Mama alikuwa ameacha vitenge, anatazama juu ya bega langu na miwani yake imeshuka puani.

"Si ndivyo alivyokaa yule mtoto?" akasema. "Vilevile. Kajibana upande wa ukutani, upande wa barabarani kauacha wazi. Baba yake anamwita, yeye anasema bado, bado. Mpaka akaja akamshika mkono." Akanitazama kwa jicho lake la ualimu. "Na wewe ukamgomea mwenzio."

"Sikugoma, mama," nikasema, na sauti ikanitoka ya utotoni. "Niliahidi."

Nikamweleza yote. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akasema tu, "Maskini watoto wangu," na nikamsikia alivyotuweka wote wawili pamoja.

Batuli yuko wapi sijui. Nadhani ni mama wa watu, anavaa makoti mazito, na huenda ananikumbuka kama kijana wa uani aliyeahidi akaona haya. Laiti ningeweza kumwambia jambo moja tu. Sote wawili tulitii ukurasa wa mwisho siku ile, kila mtu wa kwake, yeye juani mbele ya duka, mimi uso ukutani nyuma ya tangi, na nyumba moja tu katikati.

Fundi alipoondoka jua lilikuwa bado kali. Nilichukua mwavuli wa mke wangu, ule wenye maua, nikatoka nje, nikaufungua. Jirani aliyekuwa anamwagilia mchicha alisimamisha mpira akanishangaa. Nikaketi kwenye ngazi za nyumba yangu, upande wa barabarani.